Je, Wasomaji Watalipia Yaliyo Mtandaoni?

Swali hili huzusha ubishi kila likitajwa. Kuna wasemao ati hakuna mwenye akili timamu atakayelipia tovuti ilhali ya bure yamejaa tele. Wengine husema mwandishi naye ana tumbo, sharti alipwe. Naona pande zote mbili husahau kuuliza: ni kitu gani kinachouzwa, na anauziwa nani?

Hebu tutazame Marekani, ambako jambo hili lilijaribiwa mapema. Gazeti la Wall Street Journal lilianza kuwatoza wasomaji wa tovuti yake mwaka wa 1997, likafaulu. Mwaka uliofuata jarida la Slate, lililokuwa mali ya Microsoft, likaomba dola 19.95 kwa mwaka. Lo! Halikufikisha hata mwaka. Februari 1999 likafungua milango tena. Je, Slate liliandikwa vibaya? La hasha. Msomaji wa Wall Street Journal ni mtu wa biashara. Habari ya hisa ikimfikia mapema inamletea faida, na huenda mwajiri wake ndiye anayelipa. Slate liliuza maoni kuhusu siasa na utamaduni, na maoni, bwana, yanapatikana kila kona.

Kisa cha New York Times kina mafunzo zaidi. Mnamo Septemba 2005 liliwafungia lango waandishi wake wa safu za maoni: lipa dola 49.95 kwa mwaka ndipo uwasome. Waliolipia tovuti peke yake walipita 200,000, si haba. Hata hivyo, Septemba 2007 mpango ukafutwa. Kumbe wasomaji wengi walikuwa wakiletwa na Google, wakifika wanakuta kufuli, wanageuka. Wenye matangazo ya biashara nao hulipia macho ya watu, na macho yenyewe ndiyo hayo yanakwenda zake. Mwaka wa 2011 gazeti likarudi na mbinu nyingine: makala 20 kwa mwezi bure, ukizidisha unalipa. Mwaka wa 2012 zikawa 10.

Si ndivyo afanyavyo muuza magazeti wa kwetu? Anakuacha usome vichwa vya habari ukiwa umesimama, lakini ukitaka kufunua kurasa, toa pesa. Kufikia 2024 New York Times lilikuwa na wanunuzi zaidi ya milioni 10, ingawa wengi hulipia pia mapishi na chemshabongo.

Hapa Kenya, gazeti la Nation lilianza kutoza mtandaoni mwaka wa 2021. Njia ya kulipa haikuwa kikwazo, kwani M-Pesa ipo tangu 2007. Shida ni kwamba habari ileile redio inaitangaza jioni bila malipo. Kwa hiyo atakayelipwa ni yule aliyechimbua jambo ambalo redio haina.

Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Habari iliyochunguzwa ikiwekewa kufuli na uvumi ukaachwa wazi, asiye na shilingi atasoma uvumi. Gazeti la Guardian la Uingereza limeacha tovuti yake wazi likiomba michango, na wasomaji wanachanga. Lakini sisi wanafunzi tutachanga nini? Nakala moja ya gazeti katika maktaba husomwa na darasa zima, na hakuna anayelalamika. Akaunti ya mtandaoni huuzwa kwa mtu mmoja. Wenye magazeti wakiziuzia maktaba za shule kwa bei nafuu, mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.