Kalia Kwanza, Bei Baadaye

SWALI: Daktari, miaka miwili iliyopita nilianguka na bodaboda, pingili moja ya kiuno ikavunjika. Sikupasuliwa. Nililazwa, nikavishwa mkanda wa kiuno, nikafanya mazoezi, na sasa natembea vizuri. Shida yangu ni kukaa kwenye gari. Kila asubuhi natoka Kyebando kwa taksi kwenda kazini, na nikifika Old Taxi Park inanichukua muda kunyooka. Nimeweka akiba kwenye sacco, nataka kununua gari la Kijapani lililotumika. Kaka yangu mkubwa anasema nichukue la juu, Prado au mfano wake, eti ndilo lenye viti vizuri. Fundi wangu anasema Premio. Mke wangu anasema tujenge kwanza. Gari gani lina viti visivyoumiza mgongo? Halafu jambo dogo: siku hizi nikikaa sana, mguu wa kushoto unakufa ganzi, kuanzia pembeni mwa muundi hadi kidole gumba.
Msomaji, Kyebando, Kampala

JIBU: Ndugu yangu, pole sana kwa ajali. Suala la kujenga nawaachia wenyewe nyumbani. Mimi naanza na hilo uliloliita jambo dogo, kwa sababu ndilo kubwa kuliko yote uliyoandika.

Ganzi inayoshuka pembeni mwa muundi na kuishia kidole gumba cha mguu mara nyingi ina maana kwamba mshipa wa fahamu umebanwa chini kabisa ya kiuno, kwenye pingili ya nne na ya tano. Huenda diski imetokeza, huenda mfupa uliovunjika ulipona ukiwa umepinda kidogo. Mimi siwezi kuona kutoka kwenye barua. Jaribu hili leo jioni: vua viatu, tembea chumbani kwa visigino, vidole vikiwa juu. Mguu wa kushoto ukishindwa kuinuka kama wa kulia, usingoje mwisho wa mwezi, nenda hospitali wiki hii. Kutoka kwako hadi Mulago si safari. Ulizia kitengo cha mifupa na cha fiziotherapia, na ubebe picha zako za zamani za eksirei hata kama zimekunjamana. Daktari anahitaji kulinganisha.

Zipo dalili zisizongoja hata wiki. Ukipata ganzi katikati ya mapaja, pale mtu anapokalia tandiko la baiskeli, au mkojo ukakataa kutoka, au ukatoka bila wewe kujua, au miguu yote miwili ikalegea, nenda siku hiyohiyo, iwe mchana au usiku. Nyingine ni za kimyakimya: homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, maumivu yanayokuamsha usingizini. Hapa kwetu hizo zinatufanya tufikirie kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ugonjwa huo ulielezwa na daktari mpasuaji wa London, Percivall Pott, mwaka 1779, na bado tunao. Aliyewahi kuanguka huweza kuchelewa kugundulika, maana kila maumivu anayasingizia bodaboda ile.

Sasa gari. Ukiwa umesimama, kiuno kina mbonyeo wake wa asili kwa nyuma. Ukikaa, nyonga huzunguka, mbonyeo ule hunyooka, na uzito huelemea diski upande wa mbele. Nchini Uswidi, mwaka 1974, Andersson na wenzake, akiwemo Alf Nachemson, walichapisha utafiti ambao leo sijui nani angejitolea kuushiriki: waliwachoma watu sindano yenye kipimo ndani ya diski ya kiuno, wakawakalisha kwenye kiti cha dereva, wakabadilisha mkao na kusoma shinikizo. Shinikizo lilipungua mgongo wa kiti ulipolazwa nyuma kidogo, na lilipungua pia kiuno kilipowekewa kitu cha kukiegemeza. Kanuni hiyo inahusu pia viti vya leo, hata vikivishwa ngozi.

Halafu kuna mtikisiko, ambao kiti cha sebuleni hakina. Uti wa mgongo wa mtu aliyekaa huitikia zaidi mtikisiko wa mara nne hadi sita kwa sekunde, na gari likipita kwenye barabara mbovu hutikisika karibu na kiwango hichohicho. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani, Kelsey na Hardy, walionyesha kwamba watu wanaoshinda wakiendesha magari hupata diski iliyotokeza zaidi kuliko wengine, na madereva wa malori walikuwa juu zaidi. Kwa hiyo njia zenu za udongo mwekundu za ndani ya Kyebando, zenye mifereji iliyochimbwa na mvua, zinakuumiza mgongo kuliko Northern Bypass yote. Shokapu zilizokufa na matairi yaliyojazwa upepo kupita kiasi huzidisha hayo. Ukinunua gari, fedha ya kwanza iende huko, redio itangoja.

Kaka yako na fundi wako wamekupa majina ya magari. Mgongo wako hausomi jina. Unachotafuta ni urefu wa kiti kutoka ardhini, na kipimo chake unacho mwilini. Fungua mlango, simama karibu, ukipe kiti kisogo. Ukingo wa kiti ukikugusa chini kidogo ya makalio, gari hilo ni lako: utakaa kwa kurudi nyuma tu, bila kujitumbukiza wala kupanda. Premio ni gari jema, lakini kiti chake kiko chini, na mtu mrefu hujitumbukiza, kisha kutoka kwake ni kazi ya mikono na kiuno. Prado ni kinyume chake: unainua mguu mmoja juu, unajivuta kwa mkono, na katikati ya hapo kiuno kinajipinda kikiwa kimebeba mwili wote. Kwa mfupa uliowahi kuvunjika, huko kujipinda ndiko kunakochokoza. Kaka yako hakudanganya kuhusu viti, alisahau tu kwamba lazima kwanza uvifikie.

Magari mengi ya katikati yanafaa: Spacio, Ipsum, RAV4, hata Noah kwa asiye mfupi sana. Kuna moja watu hulicheka kwa umbo lake, Toyota Raum. Toleo lililotoka mwaka 2003 lina milango ya nyuma ya kusukuma, na upande wa abiria hakuna nguzo katikati ya mlango wa mbele na wa nyuma, kwa hiyo mwanya wa kuingilia ni mkubwa ajabu. Wajapani walilibuni wakiwafikiria wazee, na mgonjwa wa mgongo hana sababu ya kuona haya kufaidi kilichobuniwa kwa ajili ya bibi wa watu. Toyota wana pia magari waliyoyaita Welcab, ambayo baadhi yana kiti cha abiria kinachozunguka na kutokeza nje ya mlango. Ukikuta moja bondi, yaani kwenye yadi ya magari yaliyoagizwa nje, lisikupite bila kulitazama, ingawa kiti hicho kitamfaa zaidi mzazi wako kuliko wewe utakayeshika usukani.

Jambo jingine halina mjadala: chukua otomatiki. Klachi hukanyagwa kwa mguu wa kushoto, ndio huohuo unaokufa ganzi. Kwenye foleni ya Kalerwe utaikanyaga hadi uichukie. Na ganzi ikihamia mguu wa kulia, au mguu huo ukilegea, usiendeshe kabisa hadi daktari akuruhusu, kwa sababu huo ndio mguu wa breki.

Ukifika bondi Nakawa, muuzaji atataka kukuonyesha injini. Wewe kaa kwanza. Omba muda, nusu saa nzima kama atakubali, ukiwa na simu yako au gazeti. Kiti kikikuuma, mara nyingi hakikuumi dakika ya tatu, kinakuuma ya ishirini. Sogeza kiti mbele mpaka ukanyage breki hadi mwisho huku goti likiwa bado limekunjika kidogo. Nyonga ziwe sawa na magoti au juu yake kidogo, zisiwe chini. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti vipite vidole viwili au vitatu. Mgongo wa kiti ulaze nyuma kidogo tu kupita wima, mabega yakiwa bado yanagusa kiti unaposhika usukani. Wengi Kampala huendesha wakiwa wamelala kabisa kisha wanachungulia kwa shingo; hao hurudi kwetu na shingo badala ya kiuno. Usukani ukikataa kukufuata ulipo, gari hilo si lako, hata bei ikishuka.

Kisha bonyeza sponji kwa ngumi. Sheria ya Uganda ya mwaka 2018 ilikataza kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 (ya zamani kama Raum tafuta kwa walio nayo tayari hapa), lakini miaka kumi na kitu inatosha makalio ya watu usiowajua kuchimba shimo upande mmoja wa kiti. Nyonga moja ikizama kuliko nyingine, uti wa mgongo hujipinda siku nzima bila wewe kuhisi. Uwe na shaka na gari lililovishwa kava mpya za ngozi zinazong'aa: hufunika sponji iliyokufa, na kama kiti kina mfuko wa hewa ubavuni, kava iliyoshonwa bila kujua hilo inaweza kuuzuia kufunguka siku ya ajali. Kiti kilichozama si mwisho wa safari. Kisekka wanauza viti vizima vilivyotolewa kwenye magari mengine, na Katwe wapo mafundi wa kushona viti watakaobadilisha sponji. Mwambie fundi aweke ngumu, yenye uzito, kwa unene uleule wa mwanzo. Usimruhusu akuinue kwa mto mnene juu ya kiti. Ukiinuka, mkanda wa gari hupanda kutoka kwenye mifupa ya nyonga na kukaa tumboni, na ukigonga, tumbo ndilo litakalolipa.

Egemeo la kiuno usilinunue bado. Chukua taulo ndogo, ikunje iwe unene wa kiganja chako, iweke usawa wa mkanda wa suruali, si juu zaidi. Ukihisi inakusukuma, ni nene mno. Wiki mbili za taulo zitakuambia kama unahitaji kitu cha dukani. Na si kila mgongo unaipenda: wenye njia nyembamba ya uti wa mgongo, hasa wazee ambao hupata nafuu wakiinama mbele, huzidishiwa maumivu na taulo hiyohiyo. Kama ganzi yako ikiongezeka nayo, itoe na umwambie daktari. Pochi nayo itoke mfuko wa nyuma. Sijui kwa nini wanaume huwa wagumu kwa hili.

Kuingia: kaa kwanza ukikipa kiti mgongo, miguu ikiwa nje, halafu geuka na magoti yote mawili pamoja. Kaveera, ule mfuko wa plastiki, juu ya kiti hurahisisha kuteleza (serikali imeipiga vita kwa miaka mingi, lakini najua nyumbani hamkosi). Ukishageuka ivute utoe, usiendeshe ukiwa umekaa kwenye kitu kinachoteleza.

Mpaka hapo bado unapanda taksi, na huenda utapanda kwa miezi. Katika HiAce ya taksi, injini iko chini ya viti vya mbele, unakaa karibu juu ya magurudumu, na kupanda pale ni kama kupanda Prado. Benchi la mwisho liko nyuma ya ekseli, hapo kila tuta linakurusha. Tafuta safu ya kwanza au ya pili nyuma ya dereva, dirishani, katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kiti cha kukunja cha pale njiani kikatae, hata konda akikuita ssebo mara tatu. Mgongo wake mfupi haufiki mabega, na kila anayeshuka unamwinukia. Ni afadhali uiache taksi hiyo iondoke ungoje nyingine. Zile HiAce za umbo jipya, watu wanazoziita drone, zina nafasi zaidi kichwani, si lazima sponji bora. Bodaboda, ndugu yangu, tusizungumze. Mgongo huo umeshalipa nauli yake.

Ukifika uendako, tembea dakika kadhaa kabla ya kubeba kitu chochote. Kano za mgongo zilizokaa zimevutwa kwa saa nzima hulegea kwa muda, na hapo ndipo mtu huinua jerikani ya maji na kulia. Mwambie mwenzio akubebee, au uiache langoni kwanza.

Na kama gari litapatikana kabla ya Krismasi na safari ni ya Masaka, lisimamishe kila baada ya nusu saa hadi dakika arobaini na tano. Kayabwe, pale kwenye mstari wa ikweta, shuka uzunguke gari mara kadhaa mikono ikiwa kiunoni, ukijinyoosha nyuma taratibu. Watalii watadhani ni sehemu ya maonyesho. Lukaya vijana watakimbilia dirishani na kuku na ndizi gonja za kuchoma. Shuka, ununue ukiwa umesimama.