Somo la Kikundi: Tamaa Mbele, Mauti Nyuma



Bima ya maisha si kitu kibaya. Baba akifa, pesa hiyo inaweza kulipa karo, na mama asibaki na madeni ya matanga. Lakini penye pesa nyingi na kifo, tamaa haiko mbali. Ajenti akija kwenye mkutano wenu hapa Suna, msitie sahihi haraka. Jiulizeni kwanza maswali matatu.

1. Ni nani atafaidika mtu akifa?

Zamani kule Uingereza watu walikatia bima maisha ya watu wasiowahusu, kama kucheza kamari. Sheria ya mwaka 1774 ikakataza. Hata hivyo tamaa ilipata njia nyingine. Huko Marekani, ukimwi ulipoenea, wagonjwa waliuza bima zao ili wapate cha kujitunza. Mnunuzi alilipwa mgonjwa akifa. Akifa mapema, faida ikawa kubwa. Kuanzia mwaka 1996 dawa mpya zikawafanya wagonjwa waishi. Kampuni moja ya Florida, Mutual Benefits, iliendelea kudanganya wawekezaji kuhusu muda ambao wagonjwa wangeishi. Ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1 kabla ya kufungwa mwaka 2004. Maelfu walipoteza akiba zao.

Sisi wa Migori na Homa Bay tumezika wengi kwa ugonjwa huo. Tunajua ubaya wa biashara ambayo uzima wa mwenzako ni hasara kwako. Mtu akiwaletea, kataeni.

2. Ni nani anashika pesa?

Kenya National Assurance ilikuwa kampuni ya serikali, na watu waliiamini. Ilianguka mwaka 1996. Waliokuwa wamelipa kila mwezi wakabaki kungoja haki yao miaka mingi. Basi jina kubwa peke yake si ulinzi. Ulizeni IRA, ile mamlaka inayosimamia bima, kama kampuni na ajenti wana leseni ya mwaka huu. Na pesa isitoke mkononi bila risiti ya kampuni yenyewe.

3. Je, nyumbani wanajua?

Marehemu hawezi kwenda ofisini kudai. Ukificha karatasi ya bima chini ya godoro, watoto wako watalala njaa na pesa yao iko Nairobi. Kenya ilitunga sheria mwaka 2011 kuhusu mali ya namna hii isiyodaiwa, nayo bima imo. Mwonyeshe mwenzako wa nyumbani karatasi hiyo. Hakikisha jina la atakayelipwa ni lile unalotaka leo, si la miaka ishirini iliyopita.

Ya kujadili mkikutana

- Ni nani kati yetu ana bima, na familia yake inajua?
- Tukikatia kikundi bima, katibu atasoma masharti yote kwa sauti, kwa lugha ambayo kina mama wote wanaelewa?
- Mtu akiahidi faida kubwa ya haraka, tutamuuliza inatoka wapi?

Asiyeweza kujibu swali hilo la mwisho, mpeni chai, halafu mwageni aende.