Niikopee nyumba yangu uzeeni?

SWALI

Anti, mimi ni mjane wa miaka 70, mzaliwa wa Tanga, ila nusu ya umri wangu nimeishi hapa Columbus, Ohio. Nyumba nimeshamaliza kuilipia, lakini paa linavuja na pensheni haifiki mwisho wa mwezi. Kuna jamaa wa kampuni ya mikopo ananipigia simu kila mara, ananisihi nichukue rivasi mogeji, yaani mkopo kwa dhamana ya nyumba hii: nitapewa pesa, nyumba itabaki yangu, na sitalipa kitu maisha yangu yote. Mwanangu ninayeishi naye hataki hata kusikia. Nami natamani nirudi Tanga nikae na ndugu zangu, Columbus niwe nakuja kutembea tu. Nitie saini?

Mama wa Tanga

JIBU

Shikamoo Mama. Usitie saini kwanza. Huyo jamaa amekupa nusu ya habari, na nusu aliyoibakiza ndiyo yenye gharama.

Mkopo wa aina hii unaowekewa bima na serikali ya Marekani hupewa mwenye nyumba aliyefikisha miaka 62. Ni kweli hutalipa marejesho ya kila mwezi, lakini riba hailali. Riba na bima zikifika asilimia 7 kwa mwaka, deni la dola 100,000 litakaribia dola 200,000 baada ya miaka 10.

Kuna na gharama za kuingia. Tuseme nyumba yako ina thamani ya dola 300,000. Bima ya mwanzo ni asilimia 2, yaani dola 6,000. Ada ya mkopeshaji inaweza kufika dola 5,000. Hapo mthamini bado hajalipwa. Kwa kawaida fedha hizo hukatwa humo humo kwenye mkopo, ndiyo maana huoni zikitoka mfukoni. Kubeba yote hayo kwa ajili ya paa peke yake ni hasara.

Na hilo la kutolipa kitu si kweli. Kodi ya jengo, bima ya nyumba na matengenezo vinabaki juu yako. Ukishindwa, mkopeshaji anaweza kudai deni lote na nyumba ikauzwa.

Sasa Tanga. Sharti la mkopo ni kwamba nyumba iwe makazi yako makuu, uishi humo sehemu kubwa ya mwaka. Ukihamia Tanga, mkopeshaji ana haki ya kudai deni lote. Ukifariki, mwanao akitaka kubaki na nyumba itambidi alipe deni, au asilimia 95 ya thamani ya nyumba iwapo deni limeipita thamani hiyo. Afadhali hapo sheria inamlinda: hadaiwi zaidi ya nyumba yenyewe.

Kabla ya mkopo huu, ni lazima uonane na mshauri aliyeidhinishwa na HUD, Wizara ya Nyumba ya Marekani. Bila cheti chake hakuna mkopo. Usichaguliwe mshauri na anayekuuzia; piga 1-800-569-4287 uelekezwe kwa walio karibu nawe. Huenda akatoza ada, lakini asiye na uwezo harudishwi. Kaa na mwanao kwenye kikao hicho, naye asikie kwa masikio yake. Ulizeni gharama zote kwa maandishi, deni litakuwa kiasi gani baada ya miaka 5 na 10, na kama kaunti yenu ina mpango wa kuwatengenezea wazee nyumba.

Ninavyoona mimi, kama kweli unataka kurudi Tanga, mkopo huu haukufai. Ni heri uiuze nyumba, uondoke na pesa yako mkononi. Kama utabaki Columbus, mwone mshauri kwanza, kisha uamue na mwanao. Na huyo jamaa akizidi kukuharakisha, Mama, mkatie simu.