SOMO: Tazameni ukingo wa ngozi, siyo uso wake



Miaka michache iliyopita kikundi cha vijana katika parokia yetu mojawapo kilishona jozi 60 za makubazi kwa ajili ya marafiki wetu wa ng'ambo. Ushonaji ulikuwa safi. Baada ya miezi miwili tukapata barua: makubazi yanabanduka juu kama rangi ya ukuta uliolowa. Kosa halikuwa la vijana. Sisi wa ofisini ndio tulionunua ngozi, tukaichagua kwa kung'aa kwake na kwa bei.

Tulichonunua kilikuwa ngozi kweli. Ngozi nene ya ng'ombe hupasuliwa kiwandani kuwa matabaka. Tabaka la juu, upande wa manyoya, lina nyuzi zilizosokotana na kubana. Ndilo lenye nguvu. Tabaka la chini, upande wa nyama, hupakwa plastiki na kugandamizwa kwa mashine ili lipate vinyweleo vya kuigiza. Hafifu zaidi ni mabaki ya ngozi yaliyosagwa na kuunganishwa kwa gundi.

Kwa hiyo kateni kipande kidogo cha pembeni na kutazama ukingo. Mkiona utando mwembamba juu, unaoinuka kwa ukucha, iacheni. Kisha ikunjeni: ngozi nzuri hufanya mikunjo midogo isiyolingana, halafu hurudi. Vinyweleo vinavyofanana mno ni vya mashine. Makovu machache ya kupe au miiba yasiwatishe, na wafadhili wetu tunawaomba wasiyaone kama uchafu. Mara nyingi huonyesha kwamba uso wa ngozi haujasuguliwa kwa msasa.

Mnyama naye ana neno. Ng'ombe hufaa kwa makubazi na mikanda, hasa sehemu ya mgongo. Ya tumbo huvutika. Mbuzi ni nyembamba lakini imara, nzuri kwa pochi na mikoba. Kondoo ni laini mno, tabaka zake huachana, basi iwe ya bitana.

Halafu ulizeni ilitengenezwa kwa dawa gani. Magome ya miwati, kama ile inayolimwa Njombe, hutoa ngozi ya kahawia, ngumu kiasi, inayokubali kuchorwa. Kazi hiyo huweza kuchukua wiki nyingi. Kromu huchukua siku moja au mbili, na ngozi yake ni laini, ukingo wake ukielekea buluu au kijivu. Siyo mbaya, ila ikitengenezwa vibaya huweza kubaki na kromu ya aina ya sita, inayodhuru ngozi ya binadamu. Tangu tarehe 1 Mei 2015, Umoja wa Ulaya hauruhusu bidhaa ya ngozi inayogusa mwili kuwa na miligramu 3 au zaidi za kromu hiyo kwa kila kilo ya ngozi. Kamati inayotuma mikoba huko iombe cheti cha kiwanda kabla ya kulipa.

Hata hivyo hasara kubwa huanza nyumbani, siku ya kuchinja. Kisu kikipotoka wakati wa kuchuna huacha tundu ambalo hakuna fundi awezaye kulifuta. Chapa ya moto ubavuni huharibu sehemu pana. Ngozi ikitandazwa chini juani, nje hukauka na ndani huoza. Iwambwe kwenye fremu kivulini, au ipakwe chumvi ndani ya saa chache, kiasi cha theluthi ya uzito wake. Petro Mtume alikaa Yafa kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, ambaye nyumba yake ilikuwa kando ya bahari (Mdo 10:6); wenye kazi hii tangu zamani wamehitaji maji na chumvi karibu.

Kwa kamati zinazoandaa maombi ya msaada: msiandike cherehani pekee. Wekeni pia fungu la chumvi, visu vya kuchunia vyenye ncha ya mviringo, na nauli ya fundi kwenda sokoni pamoja na mweka hazina.