Mchumia Ukunguni Hulia Wapi? Somo Tulilolipata Kericho

Vidole vyangu vya miguu havijaisahau baridi ya Kericho.

Darasani tunakariri methali kama tunavyokariri jedwali la hesabu. Mwalimu anaanza, "Mchumia juani?" nasi darasa zima tunaitikia, "Hulia kivulini!" Tunapata maksi zetu mbili, tunaendelea na nyingine. Mimi nami nilikuwa hivyo hivyo hadi Julai mwaka jana, chama chetu kilipozuru Kericho. Huko niliwaona watu wanaochuma kutwa nzima na jua lenyewe hawalioni. Tangu siku hiyo methali hii imekuwa ikinisumbua, na leo nataka iwasumbue na nyinyi kidogo.

Safari na mji

Tuliondoka shuleni usiku wa manane. Kwetu Ukambani mvua ni mgeni wa kuombewa, kwa hivyo wengi wetu hatukubeba hata sweta ya pili. Basi lilipita Nairobi, likashuka Bonde la Ufa, likavuka Nakuru na kuanza kupanda. Tulipofika Mau Summit tuliiacha barabara ya Eldoret, tukashika ya kushoto iendayo Kisumu. Hapo ndipo vioo vya basi vilipoanza kuingia ukungu, na wale waliokuwa wakiimba wakanyamaza mmoja mmoja, mikono mifukoni.

Kericho ni mji ulio kilomita 260 hivi kutoka Nairobi, katika nyanda zilizo juu kiasi cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Usiutarajie mji wa maghorofa marefu. Una maduka, soko, stendi ya matatu yenye kelele kama stendi yoyote ya Kenya, na hoteli ya zamani iitwayo Tea Hotel, iliyojengwa miaka ya 1950. Lakini ukitoka mjini kidogo tu, jamani! Kila upande ni kijani. Vilima vimenyolewa sawasawa kama kichwa cha mwanafunzi siku ya kufungua shule. Ukungu ukiinuka unaona mistari ya chai hadi macho yachoke, na ukishuka humwoni hata mwenzako aliye hatua kumi mbele.

Kwa nini ukungu na mvua?

Mwalimu wa Jiografia, aliyetusindikiza, alitueleza hivi. Hewa yenye unyevu hutoka Ziwa Victoria ikapanda nyanda za juu upande wa Msitu wa Mau. Hewa ikipanda hupoa, na ikipoa mvuke wake hugeuka mawingu. Ndiyo sababu asubuhi inaweza kuwa nzuri, halafu alasiri mvua ikashuka bila kuomba ruhusa. Mvua ya mawe nayo ni jambo la kawaida: eneo hili linajulikana duniani kwa kupata siku kama 50 za mvua ya mawe kwa mwaka. Mche wa chai unapenda hali hiyo ya ubaridi na mvua ya mara kwa mara, pamoja na udongo mwekundu wenye asidi, ingawa mawe yenyewe huyararua majani. Na kwa kuwa Kericho iko karibu kabisa na Ikweta, majani huchipuka mwaka mzima.

Chai ilifikaje huku?

Msidhani kwamba vilima hivi viliumbwa na chai. Mche wa kwanza kupandwa Kenya ulipandwa Limuru mwaka 1903. Kericho ilikuwa nchi ya Wakipsigis, wafugaji na wakulima. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitenga ardhi hapa kwa maofisa Waingereza waliolemazwa vitani. Wakajaribu kulima kitani, bei ikaanguka, mradi ukafa. Katika miaka ya 1920 makampuni makubwa ya chai yakaingia. Mwaka 1934 ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ulihamishwa kwa nguvu ya sheria hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Madai hayo ya ardhi hayajasahaulika: mwaka 2022 wazao wa waliofukuzwa walipeleka malalamiko yao hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Mkulima mdogo wa Kiafrika alianza kupewa nafasi ya kupanda chai katika miaka ya 1950. Mwaka 1964 ikaundwa KTDA ya kuwahudumia wakulima hao, nayo ikawa kampuni mwaka 2000. Leo wakulima hao ni zaidi ya laki sita nchini, na zaidi ya nusu ya chai ya Kenya hutoka kwenye vishamba vyao. Kwa hivyo ukiona chai barabarani usiseme tu "ya kampuni". Huenda ni robo ekari ya bibi ya mtu.

Shambani: kuchuma au kuchuna?

Tulimkuta mama mmoja katikati ya mistari, kikapu mgongoni, aproni ya plastiki kiunoni, kofia imevutwa hadi kwenye nyusi. Tulimwamkia "Chamgei", kama tulivyofunzwa njiani. Akacheka kwa furaha, akatujibu, kisha akaendelea kwa Kiswahili ili tumwelewe. Mikono haikusimama hata mara moja.

"Watoto wangu, angalieni. Ni majani mawili na chipukizi moja. Ukichukua la tatu limekomaa, linaharibu chai. Ukirudi baada ya wiki moja au mbili, mengine yamekuja."

Alitueleza kwamba mche wa chai ukiachwa hukua ukawa mti mrefu. Hupogolewa kila baada ya miaka michache ili ubaki kiunoni, nao usawa ule wa juu huitwa meza. Tuliposema "unachuma", yeye alisema "nachuna". Katibu wetu, ambaye si unajua anapenda kusahihisha watu, akataka kumkosoa. Mwalimu akamkonyeza anyamaze. Baadaye alituambia: kwa Kiswahili cha kamusi, kuchuma ni kukonyoa tunda, ua au jani, tena ni kupata faida, ndipo tukapata neno chumo. Kuchuna hasa ni kuondoa ngozi. Lakini mashambani na hata magazetini utasikia "wachunaji wa majanichai", na lugha ni ya wanaoitumia. Nilimtazama yule mama vidole, vimepasuka na kuwa vyeusi kwa utomvu, nikaona kwamba maneno yote mawili yanamfaa.

Hulipwa kwa kilo. Alisema siku nzuri hufikisha kilo arobaini, lakini mvua ya mawe ikipiga, siku hiyo imekwenda. Kisha mmoja wetu akamwuliza kama huchoka. Akajibu, "Kuchoka ni kwa jioni."

Kiwandani

Kiwandani tulivishwa makoti meupe na kofia, tukafanana na madaktari wa bandia. Kazi inakwenda kwa hatua hizi:

1. Kunyausha. Majani hutandazwa na kupulizwa hewa kwa saa nyingi hadi yalegee.
2. Kukata, kurarua na kusokota. Mashine za magurudumu yenye meno hufanya yote kwa pamoja.
3. Kubadilisha rangi. Wafanyakazi huita kuchachusha, ila mwalimu wa Kemia atakwambia ni oksijeni ya hewani inayoyageuza majani mabichi kuwa ya rangi ya shaba.
4. Kukausha. Hewa ya moto hupunguza maji hadi asilimia 3 hivi.
5. Kuchekecha. Chembe hutengwa kwa ukubwa, kisha hutiwa magunia.

Inahitajika zaidi ya kilo nne za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu. Kutoka hapo chai nyingi huelekea Mombasa, ambako mnada umekuwa tangu ulipohamishwa kutoka Nairobi mwaka 1969. Chai ya Uganda, Rwanda na nchi nyingine jirani nayo huuzwa pale pale.

Mabishano ndani ya basi

Tuliporudi tuliona mashine ya kuchumia chai ikifanya kazi upande wa pili wa barabara. Watu wachache wanaishika, nayo inapitisha meno juu ya meza na kufanya kazi ya wachumaji wengi. Mei 2023 mashine kama hizo zilichomwa moto na watu wenye hasira huko huko Kericho. Basi zima likazuka mjadala.

Kaka mmoja wa kidato cha nne alisimama. "Mashine ni maendeleo, bana! Mmemwona yule mama mgongo wake? Mnataka na mjukuu wake abebe kikapu? Na kampuni isipopunguza gharama, chai ya nchi nyingine itatushinda sokoni."

Tukampigia makofi. Hapo mwenzetu wa kidato cha pili, ambaye kwao ni Bomet na ambaye tangu asubuhi alikuwa kimya, akasema polepole: "Karo yangu ya kidato cha kwanza ilitoka kwenye vidole vya mama yangu. Mashine haina mtoto shuleni."

Hakuna aliyepiga makofi. Hata dereva alipunguza redio. Yule kaka hakurudisha neno, na kwa kweli hakuwa amekosea, mgongo unauma. Lakini na yule dada hakuwa amekosea. Mwalimu mlezi alitwambia tu, "Msitafute nani ameshinda. Ulizeni chumo linakwenda wapi."

Turudi kwenye methali

Mchana wa siku hiyo tulikuwa tumekaribishwa kula katika hekalu la Wasikh, lililojengwa kumkumbuka Baba Puran Singh, aliyewahi kuishi Kericho. Ukivua viatu na kufunika kichwa, unakaa chini na kulishwa bure, uwe nani au nani. Tulipewa chapati, dengu na chai ya maziwa. Chai ilikuwa tamu, lakini nilipokuwa nikinywa nilimkumbuka mama wa shambani. Sisi tusiochuma hata jani moja tulikuwa kivulini, tunakula.

Sasa litazameni neno "hulia". Lina maana mbili. Moja ni kula mahali fulani: aliyefanya kazi kwa taabu hatimaye hula kwa raha. Nyingine ni kutoa machozi. Wazee walikusudia ile ya kwanza. Lakini methali haijitimizi yenyewe kama saa ya ukutani. Inatimia pale mchumaji anapolipwa inavyostahili, na mkulima anapopata bonasi yake bila kuzungushwa. Mashine nayo ikija, yule iliyemwondoa shambani awe amefunzwa kazi nyingine kwanza. Bila hayo, mchumia ukunguni atakuja kulia kwa ile maana ya pili.

Na neno moja la mwisho kuhusu "chai". Neno hili lilitoka China, likapita Uajemi na India, likatufikia likiwa safi. Sisi tumelichafua. Tunaita hongo "chai", ati "mzee, toa ya chai". Ukishamwona yule mama na kikapu chake, utaona kwamba hongo haifanani na chai hata kidogo. Chai ina jasho la mtu. Tuite hongo kwa jina lake.

Basi ndugu msomaji, kesho saa nne, ukipanga foleni jikoni na kikombe chako, hata ikiwa ni strungi isiyo na maziwa, kumbuka majani mawili na chipukizi moja. Na kama mwenzako ni mtoto wa mchuma chai, usimcheke. Kwa lugha ya wenyeji wa Kericho, mwambie "Kongoi", yaani asante.

Msamiati

Chumo: faida au pato la kazi.
Kupogoa: kukata matawi ili mche uchipuke upya.
Kunyausha: kufanya jani lilegee kwa kupoteza maji.
Meza: usawa wa juu wa michai iliyopogolewa.
Strungi: chai kavu, isiyotiwa maziwa. Pwani huitwa chai ya rangi au mkandaa.

Mazoezi

1. Eleza maana mbili za kitenzi "hulia", kisha utunge sentensi moja kwa kila maana.
2. Tofautisha kuchuma na kuchuna kwa kutumia mifano kutoka nyumbani kwenu.
3. Andika mjadala: "Mashine za kuchumia chai zina faida kuliko hasara." Toa hoja tatu za kuunga na tatu za kupinga.
4. Mwulize mzazi au jirani methali moja inayohusu kazi yake, umwulize pia kama imewahi kutimia. Majibu mazuri yaletwe kwa mhariri.