Kabla hujaweka mkeka, rusha sarafu

Hapa Cheyo, kama kwingine Tabora, swali la Jumapili asubuhi ni lile lile: mbona mkeka wangu wa kubashiri mechi huchanwa na mechi moja tu? Si mkosi, ndugu yangu. Ni hesabu, nawe unaweza kuifanya kwa sarafu ya shilingi 200.

Upande mmoja una Mzee Karume, wa pili simba. Ukiirusha, nafasi ya kumpata Karume ni moja kati ya mbili. Ukitaka Karume mara mbili mfululizo, ni moja kati ya nne, kwa sababu kila mrusho unaoongeza unaigawa nafasi hiyo kwa mbili. Endelea hadi mirusho minane utafika 1 kati ya 256. Mkeka wa mechi nane za nusu kwa nusu ndivyo ulivyo.

Na odi ni nini? Ni namba inayozidishwa na dau lako ukishinda. Chukua mechi ambayo magoli kuzidi mawili au kutozidi ni nusu kwa nusu, na kampuni imeweka odi 1.90 kila upande. Ukiweka 1,000 huku na 1,000 kule, umetoa 2,000 na utapokea 1,900, matokeo yawe yoyote. Shilingi 100 imebaki kwao. Kwenye mechi moja huisikii. Kwenye mkeka wa mechi nane makato hayo yanazidishana: dau la 1,000 linalipa kama 170,000, ilhali kwa nafasi ya 1 kati ya 256 malipo ya haki yangekuwa 256,000. Mkeka mrefu ndio unaomnyonya mchezaji zaidi, na bado unapendwa. Hili linaniuma.

Je, ukiliwa sana zamu yako haikaribii? Hapana. Kwenye dubwi, ile mashine ya kamari, utasikia, "Imeshiba, sasa itatapika." Lakini sarafu ikiangukia simba mara tano, mrusho wa sita bado ni nusu kwa nusu. Pesa iliyoliwa si deni unaloidai mashine, kwa hiyo usiifukuzie.

Anayeuza "mechi za uhakika" kwa simu je, mbona kapatia mara tatu? Tazama anavyoweza kufanya. Anawatumia watu 800: nusu anawaambia magoli yatazidi mawili, nusu hayatazidi. Waliopata jibu sahihi ni 400. Anawagawa tena, wanabaki 200, kisha 100. Wewe ni mmoja wa hao 100, na wale 700 huwaoni. Ndivyo ilivyo pia kwa jirani aliyeshinda: habari zake zinafika hadi Ng'ambo, za walioliwa zinaishia mfukoni mwao.

Ufanye nini sasa? Tafuta daftari la shule. Kila siku andika tarehe, dau na kilichorudi, hata kama ni sifuri. Kumbukumbu ya kichwani hutunza ushindi tu. Shilingi 1,000 kwa siku ni 30,000 kwa mwezi. Jumlisha kabla ya kuweka dau jingine. Ukiona umezidiwa, piga huduma kwa wateja ya kampuni uombe akaunti yako ifungwe, na simu ya mfanyabiashara wa "uhakika" izuie. Mwanao aliye chini ya miaka 18 sheria haimruhusu kabisa kucheza, kwa hiyo usimtume kuweka mkeka wala usimwachie simu yenye akaunti yako.