Katekista alinikuta nimechuchumaa kwenye kichuguu

Shangazi,

Mimi ni baba wa watoto wanne, nakaa Chakol, na kazi yangu ni uwakala wa forodha pale Malaba. Kazi yenyewe haijui usiku wala mchana. Lori likikwama, dereva ananipigia mimi. Mwenye mzigo akiwa Kampala, naye ananipigia mimi. Huku nyumbani jumuiya yetu ndogo ndogo imenichagua mwenyekiti.

Mwezi jana mvua ilinyesha, jua likatoka, na kitinda mimba wangu, binti wa miaka sita, akanivuta mkono twende tukakamate kumbikumbi. Tukachomeka fito kuzunguka kichuguu, tukatandaza blanketi kuukuu juu yake, tukaanza kugonga vijiti kuiga mvua, kama tulivyofunzwa na wazee wetu. Shangazi, simu niliiacha nyumbani na wala sikuikumbuka. Kumbikumbi wakaanza kutoka. Mara katekista akapita na baiskeli. Nilisimama haraka, nikajipangusa suruali, nikamwambia nilikuwa namtafuta mtoto. Mtoto alikuwa pale pale, ameshika sahani, ananitazama.

Tangu siku hiyo binti hajaniita tena tucheze. Padri hutuhubiria tuwe kama watoto, lakini Mtakatifu Paulo anasema alipokuwa mtu mzima aliacha mambo ya kitoto. Nimfuate yupi? Na mtu anayemdanganya katekista kwa ajili ya kumbikumbi, kweli anafaa kuongoza jumuiya?

Baba Wanne, Chakol

Baba Wanne,

Nilipofika kwenye habari ya simu nilidhani nimeshaujua ugonjwa wako. Kumbe simu uliisahau mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, kwa hiyo tusiisingizie. Kilichokuinua kutoka kwenye kile kichuguu ni baiskeli ya katekista.

Fungua Marko sura ya 9. Mitume wamebishana njia nzima kuhusu nani aliye mkubwa kati yao. Wakishaingia nyumbani Kafarnaumu, Yesu anawauliza walikuwa wakizozania nini, nao kimya. Ndipo anamchukua mtoto, anamsimamisha katikati yao, anamkumbatia. Sasa wewe mtu wa Malaba utazame mji wenyewe. Kafarnaumu ilikuwa karibu na mpaka kati ya eneo la Herode Antipa na lile la ndugu yake Filipo, na ilikuwa na kituo cha ushuru. Mathayo aliitwa akiwa ameketi hapo hapo kituoni. Kwa hiyo somo la mtoto lilitolewa katika mji wa watu wanaojua foleni na ushuru, na anayestahili kupita kwanza. Kwa watu wale mtoto hakuwa malaika wa picha za kalenda. Alikuwa mtu asiye na cheo, ambaye hakuna aliyemwomba rai.

Ndiyo maana mahubiri yanayowasifia watoto kana kwamba hawanuni hunichosha. Yesu aliwajua kuliko hivyo. Katika Mathayo 11 anawataja watoto wa sokoni: hawa wamepiga filimbi, wameimba hadi maombolezo, na wenzao bado wamekataa kucheza. Binti yako naye amenuna, na ana haki. Alichokuzidi siku ile ni kimoja tu: hakuwa na heshima ya kulinda, basi macho yake yote yalikuwa kwa kumbikumbi. Nawe ulikuwa hivyo kwa muda, mpaka ukakumbuka kwamba wewe ni mwenyekiti.

Paulo hana ugomvi na Bwana wake. Endelea na barua hiyo hiyo mpaka 1 Wakorintho 14:20, utamkuta akiwataka Wakorintho wawe wachanga kwa upande wa uovu, ila akili zao ziwe za watu wazima. Karatasi za lori zinataka mtu mzima. Ukikosea namba ya kontena, dereva atalala Malaba akikulaani, na hutamwambia kwamba unajifunza utoto wa Injili. Karo ya shule ni vivyo hivyo. Mama watoto anao wanne tayari, usimwongezee wa tano.

Kama unaogopa wazee watakucheka, waulize wanamwendea nani Namugongo, kule Uganda. Kila mwaka mahujaji wa pande zetu huvuka Malaba na Busia, wengine kwa miguu, safari ya kilomita kama 200, ili wafike kabla ya tarehe 3 Juni. Mmoja wa mashahidi wanaoombwa pale ni Kizito, mtumishi katika jumba la Kabaka Mwanga, mvulana wa miaka kama 14. Alibatizwa na shahidi mwenzake Karoli Lwanga usiku wa kuamkia siku waliyohukumiwa, akachomwa moto mwaka 1886. Wenyeviti wazima wa parokia wanapiga miguu mpaka malengelenge kwenda kuomba maombezi ya mtoto, halafu nyumbani waone haya kuchuchumaa karibu na mtoto?

Anza na binti. Mwambie hukuwa ukimtafuta, mlikuwa mnacheza pamoja, na ulidanganya kwa sababu uliona aibu. Yatosha. Usimnunulie soda. Wala usingoje mvua nyingine: muulize leo anacheza nini, kaa chini, akupangie kazi. Akikufanya kondakta, uwe kondakta, tena usimsahihishe nauli. Saa hiyo moja simu ishikwe na mwenzako wa ofisini, nawe umshikie yake siku yake. Mizigo Malaba huvuka saa 24, haikungoji wewe peke yako. Na nakuomba sana, usipige picha ukaituma kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya. Hapo utakuwa umemwalika katekista mwenyewe kwenye kichuguu.

Katekista ukikutana naye, mweleze kwa sentensi moja. Huenda akakuuliza tu kama mlipata wengi.

Kuhusu uongozi, usijiuzulu. Uongo wa namna hiyo unapelekwa kitubioni, haupelekwi kwenye kikao. Ila ukitaka kujua kama uenyekiti umekupanda kichwani, mwachie makamu wako aongoze mikutano miwili inayokuja, nawe ukae mkekani upande wa watoto. Uchaguzi ukifika wakampa yeye kiti, mpongeze, kisha umwambie binti kwamba siku hiyo ya jumuiya sasa una nafasi ya kutosha.

Shangazi